Watoto wangapi, na lini? Hesabu ya uzazi tunayoisahau Pwani

Mwezi uliopita nilimsindikiza mkaza mwanangu kliniki, huku kwetu Kisauni. Tulifika mapema lakini tukakuta benchi limeshajaa, nikajibana katikati ya mama mmoja na msichana. Wote wawili walikuwa na mimba, na kila mmoja ameshika kijitabu chake cha kliniki. Nikadhani ni mtu na wifi yake. Kumbe ni mama na bintiye.

"Huyu ndiye kifungua mimba wangu," yule mama akaniambia huku akicheka. "Nilimvyaa nina miaka 17."

"Na sasa una mingapi, mwanangu?"

"Thalathini na mitano, mama. Hii yangu ni ya sita. Hii yake ni ya kwanza. Tutalea pamoja, ndiyo raha yake."

Binti hakucheka. Alikuwa na miaka 18, na alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kile kijitabu mpaka ikakaribia kukatika.

Nimefundisha shule za sekondari kwa miaka mingi hapa Pwani, na kisa kama hiki si kigeni kwangu. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa nikahesabu. Mimi nilipokuwa na miaka 35, mwanangu mkubwa alikuwa darasa la pili. Yule mama katika umri huo huo anakaribia kuwa bibi. Tofauti yetu haiko katika idadi ya watoto peke yake. Iko zaidi katika wakati. Na hili la wakati ndilo ambalo kwenye mabaraza yetu, tukizungumza uzazi, huwa halitajwi kabisa. Tunagombana kuhusu "wangapi" na tunasahau kuuliza "lini". Leo nataka tuyaangalie yote mawili, kwa namba zinazojulikana.

Namba moja na maana yake

Tuanze na kipimo chenyewe. Ukisikia redioni kwamba kiwango cha uzazi Kenya ni 3.4, usidhani kuna mtu aliyewafuata wanawake tangu walipovunja ungo hadi walipokoma hedhi akawahesabia watoto. Ingembidi angoje miaka 35. Wanachofanya wataalamu ni kuwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezaa lini na lini. Kisha huangalia miaka michache iliyotangulia tu: wenye miaka 15 hadi 19 walizaa kwa kasi gani, wenye 20 hadi 24 kwa kasi gani, mpaka kundi la mwisho. Wakishapata kasi ya kila umri, huzijumlisha. Jibu linasema hivi: lau msichana ataanza leo na kupita umri wote wa kuzaa kwa kasi hizi za sasa, mwishowe atakuwa na watoto wangapi.

Kwa hivyo namba ile ina "lini" ndani yake. Wanawake wengi wakiamua kuahirisha uzazi wa kwanza kwa miaka miwili mitatu, kiwango hushuka katika miaka hiyo hata kama mwisho wa safari kila mmoja atapata watoto wale wale aliowakusudia. Na wakianza mapema kuliko mama zao, hupanda. Idadi na wakati ni pacha.

Sasa tuzitazame namba za Kenya. Utafiti wa mwaka 1977 hadi 1978 ulikuta kiwango cha 8.1. Wakati ule kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 1989 kilikuwa 6.7, mwaka 1993 kikawa 5.4, mwaka 1998 kikafika 4.7. Mwaka 2003 kilisimama, tena kikapanda kidogo hadi 4.9. Kisha kikaanza kushuka tena: 4.6 katika utafiti wa 2008 hadi 2009, 3.9 mwaka 2014, na 3.4 mwaka 2022. Kwa muda wa miaka 44, mama wa Kenya amepunguza watoto kutoka wanane hadi watatu na kitu.

Watu wengi hudhani kushuka huku kulitokana na serikali kugawa vidonge. Mambo hayakwenda hivyo. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Miaka kumi baadaye kiwango kilikuwa bado 8.1, na ni wanawake 7 tu katika kila 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Dawa zilikuwapo, lakini watu walitaka familia kubwa, na walikuwa na sababu: watoto walikuwa wakifa, shamba lilihitaji mikono, na uzee ulihitaji wa kuutunza. Waliobadilika kwanza ni wazazi wenyewe, walipoona watoto wao wanaishi, ada za shule zinapanda, na ardhi ya kugawana inazidi kuwa finyu. Dawa zilipata kazi baada ya nia kubadilika.

Pwani ilitangulia, kisha ikaachwa

Hapa kuna jambo lililonishangaza mimi mwenyewe nilipolisoma. Tumezoea kuambiwa kwamba watu wa Pwani tunazaa sana kwa sababu ya mila na dini. Basi tazama utafiti ule wa kwanza wa 1977 hadi 1978. Mkoa wa Pwani ulikuwa na kiwango cha 7.2. Mkoa wa Kati ulikuwa na 8.6. Mwaka 1989 sisi tulikuwa 5.4 na wao 6.0. Sisi ndio tuliokuwa na familia ndogo zaidi!

Sasa ruka mpaka 2014. Mkoa wa Kati ulikuwa umeshuka hadi 2.8. Pwani tulikuwa 4.3. Katika miaka 25 wenzetu walipunguza zaidi ya watoto watatu. Sisi tulipunguza mmoja tu.

Dini haikubadilika katika miaka hiyo 25. Mila zetu, kama zimebadilika, zimelegea badala ya kukazana. Lazima tutafute sababu mahali pengine, na mwaka ule ule wa 2014 unatuonyesha pa kutazama. Ndani ya Pwani hii hii, Mombasa ilikuwa na 3.2, sawasawa na Taita Taveta. Lamu ilikuwa 4.3, Kwale 4.7, Kilifi 5.1 na Tana River 5.8. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni mwendo wa matatu wa saa moja na ushei, na tofauti ilikuwa karibu watoto wawili kwa kila mama. Lamu, yenye misikiti yake na vyuo vyake vya tangu jadi, ilikuwa chini ya Kwale na Kilifi. Dini peke yake haiwezi kuieleza ramani ya namna hii.

Shule inaeleza zaidi. Kitaifa, mwaka huo wa 2014, wanawake ambao hawakuingia darasani kabisa walikuwa na kiwango cha 6.5. Waliofika sekondari au zaidi walikuwa na 3.0. Tofauti ya matajiri na maskini nayo ilikuwa pana hivyo hivyo: 2.8 kwa wenye uwezo mkubwa zaidi, 6.4 kwa walio chini kabisa. Mjini kiwango kilikuwa 3.1, mashambani 4.5.

Shule hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: msichana aliye darasani kwa kawaida haolewi, kwa hiyo mwanzo wa uzazi unasogea mbele. Ya pili huja baadaye: mama aliyesoma humwahi mtoto hospitali, husoma maandishi ya dawa, huuliza daktari maswali, na watoto wake huishi kwa wingi zaidi. Anayejua watoto wake wataishi hana haja ya kuzaa wa akiba. Maneno haya ya "mtoto wa akiba" ni makali, najua. Lakini bibi yangu mzaa mama alizaa mara tisa na kuzika watatu, na hakuyaona makali. Aliyasema kama anavyosema mtu wa mvua na jua.

Kwa Pwani yetu, vifo vya watoto kwa miaka mingi vilikuwa juu kuliko vya Mkoa wa Kati, na wasichana wetu waliachia shule mapema. Ukiyaunganisha haya mawili, utaona kwa nini wenzetu walishuka ngazi nasi tukabaki tumekaa katikati yake.

Hesabu ya "lini"

Tufanye hesabu ndogo ya kitoto. Chukua wanawake wawili waliozaliwa siku moja. Kila mmoja atazaa watoto wanne, wawili wakiwa wasichana, na kila msichana wao naye atazaa wanne, wawili wasichana, na kuendelea. Idadi ni moja kwa wote. Tofauti ni kwamba katika ukoo wa kwanza watoto huja mama akiwa na wastani wa miaka 20, na katika ukoo wa pili akiwa na 30.

Baada ya miaka 60, tuhesabu waliozaliwa kupitia kwa mama. Ukoo wa kwanza una watoto 4 katika mwaka wa 20, wajukuu 8 katika mwaka wa 40, na vitukuu 16 katika mwaka wa 60. Jumla ni 28. Ukoo wa pili una watoto 4 katika mwaka wa 30 na wajukuu 8 katika mwaka wa 60. Jumla ni 12. Hakuna aliyezaa zaidi ya mwenzake hata mmoja. Ni wakati tu uliozalisha tofauti ya watu 16, na nyumba za kujengwa, na madawati ya kununuliwa, na vitanda vya hospitali.

Hesabu hii ndiyo pia inayoeleza kwa nini nchi huendelea kujaa hata baada ya familia kupungua. Sensa ya 1979 ilihesabu Wakenya milioni 15.3. Ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Kiwango kilikuwa kikishuka muda wote huo, lakini wale wasichana waliozaliwa kwa wingi miaka ya 70 na 80 walikua wakawa mama. Hata kila mmoja akizaa watatu badala ya wanane, mama wenyewe ni wengi. Ni kama jahazi lililotweka tanga: ukishusha tanga, chombo hakisimami papo hapo.

Iko nchi inayoonyesha wazi kwamba "wangapi" na "lini" ni maswali mawili tofauti, nayo ni ya Waislamu kama wengi wetu hapa: Bangladesh. Miaka ya 1970 mama wa huko alikuwa akizaa watoto zaidi ya sita. Kufikia utafiti wao wa 2011 alikuwa na 2.3. Wafanyakazi wanawake walipita mlango kwa mlango vijijini, na familia zikawa ndogo. Lakini umri wa kuolewa haukusogea kwa kasi hiyo. Utafiti wao wa 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake vijana waliolewa kabla ya kufika miaka 18. Mwanamke wa huko aghalabu huzaa wawili wake mapema, akafunga kazi. Idadi imeshuka, lakini msichana bado amekatiwa masomo, na mwili wake bado umebeba mimba kabla ya kukomaa.

Kwetu Kenya, utafiti wa 2014 ulikuta nusu ya wanawake wa miaka 25 hadi 49 walikuwa wamepata mtoto wa kwanza kabla ya kutimiza miaka 20 na miezi michache. Na mwaka 2022, wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wameshabeba mimba. Miaka minane nyuma walikuwa 18. Tunasonga, ila kwa mwendo wa kobe.

Umri huo una hatari zake ambazo mkunga yeyote atakueleza. Nyonga za msichana mdogo huenda hazijapanuka vya kutosha. Uchungu unaweza kukwama kwa siku mbili, mtoto akafia tumboni, na mama akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia, akaachwa na mume na kukimbiwa na mashoga. Shinikizo la damu la mimba nalo huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza wakiwa wadogo.

Mambo manne yanayoamua

Mwaka 1978 mtaalamu mmoja aitwaye John Bongaarts aliandika jambo ambalo mpaka leo wanafunzi wa somo hili huanzia hapo. Alisema elimu, utajiri, mila na dini haviwezi kugusa uzazi moja kwa moja. Lazima vipitie kwenye milango michache, na mikubwa ni minne: watu wanaingia lini katika ndoa, wananyonyesha kwa muda gani, wanatumia njia za kuzuia mimba au hawatumii, na mimba ngapi zinatolewa.

Milango hii inatusaidia kujiuliza vizuri. Mtu akisema "mila yetu inaongeza uzazi", muulize: kupitia mlango upi? Kwa sababu mila ile ile inaweza kufungua mmoja na kufunga mwingine. Kuoza binti mapema hufungua mlango wa kwanza wazi. Kunyonyesha miaka miwili hufunga wa pili.

Na hapa ndipo wazee wetu wanapostahili heshima kuliko tunavyowapa. Bibi yangu hakujua kidonge, lakini watoto wake walipishana miaka mitatu hivi. Alikaa arobaini yake, akanyonyesha mpaka mtoto akatimiza miaka miwili, na aliogopa sana mtoto "kubemendwa", yaani mama kushika mimba nyingine ilhali aliye mgongoni bado ananyonya, akadhoofu na kusinyaa. Jirani zetu Wagiriama nao wana hofu yao iliyo karibu na hiyo, wakaiita chirwa. Tunaweza kucheka tukasema ni ushirikina. Lakini daktari Cicely Williams alipokuwa akifanya kazi Ghana, wakati ule ikiitwa Gold Coast, aliona watoto waliovimba tumbo na miguu, nywele zikigeuka rangi, na akina mama wa huko wakamwambia jina lake kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mwenzake anapozaliwa. Aliliandika jina hilo mwaka 1935, na mpaka leo ndilo linalotumika hospitalini dunia nzima. Maelezo ya bibi zetu yalikuwa na makosa kuhusu sababu, lakini macho yao yaliona sawasawa: mtoto anayeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mdogo wake yuko hatarini.

Shirika la Afya Duniani leo linashauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zinazofuatana karibu huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kwa Waislamu, miaka miwili hiyo si ngeni: aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Na hadithi ya Jabir inaeleza kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qurani ikiteremshwa. Maulamaa wengi wameijengea hapo ruhusa ya njia za muda, mume na mke wakikubaliana. Ndugu zetu wanaosema kupanga uzazi ni jambo lililoletwa na wazungu wangefaa kuanzia hapo.

Ila tuwe wakweli kuhusu ziwa. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri kwa masharti matatu yakikutana: mtoto hajapita miezi sita, hapewi chochote ila maziwa ya mama, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hupungua. Mama wa leo anayeamka alfajiri kwenda kuuza mahamri, mtoto akaachiwa uji kwa dada yake, hana tena kinga aliyokuwa nayo bibi yake. Mila ya kupishanisha imebaki mdomoni, na kilichoifanya iwezekane kimeondoka. Ndipo inapobidi kusaidiwa na sindano, kijiti, kidonge, koili au kondomu.

Uvumi kuhusu hivi vitu ni mwingi. Mkubwa ni kwamba sindano huua kizazi. Ukweli wake ni huu: baada ya sindano ya mwisho, mimba inaweza kuchelewa, kwa kawaida miezi tisa hadi kumi, wakati mwingine zaidi. Kuchelewa huko ndiko kulikozaa uvumi. Kizazi hurudi. Anayetaka mtoto karibuni afadhali achague njia nyingine, na amwambie muuguzi hivyo waziwazi. Ana haki ya kuelezwa kabla ya kudungwa.

"Mtoto huja na sahani yake"

Usemi huu nimeusikia tangu utotoni, na sina nia ya kuudharau. Riziki ni ya Mola, na nyumba yenye watoto ni nyumba yenye uhai. Lakini sahani ya mtoto ya kwanza kabisa ni mwili wa mama yake. Damu anayopoteza akijifungua, madini yanayotoka mifupani mwake na mwilini kwenda kwa mtoto, havirudi kwa siku arobaini. Mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba kati ya kila watoto 100,000 waliozaliwa hai Kenya, mama 362 walifariki kwa sababu za uzazi. Nyuma ya kila mmoja wao kuna watoto waliobaki, na sahani zao.

Na kuna namba moja ningependa ndugu zangu wanaume wa barazani waitafakari. Utafiti wa 2014 uliwauliza wanawake, kwa kila mtoto, kama walimtaka wakati ule, au baadaye, au hawakumtaka tena. Hesabu ilipofanywa, lau wangezaa wale waliowataka tu, kiwango kingekuwa 3.0 badala ya 3.9. Karibu mtoto mmoja kwa kila mama alikuja bila kukusudiwa. Mwaka 2022, wanawake 57 katika kila 100 walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa, na bado 14 walikuwa wakitaka kupumzika au kuacha kabisa, na hawatumii chochote. Hawa hawahitaji kuhubiriwa wapunguze watoto. Wameshaamua. Wanahitaji zahanati iliyo na dawa, nauli ya bodaboda, na mume asiyegeuza jambo hilo kuwa kesi.

Yako yaliyofanikiwa, tuyaseme pia. Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013. Wakati wa utafiti wa 2014, watoto 62 katika kila 100 walikuwa wamezaliwa mikononi mwa mhudumu aliyefundishwa. Mwaka 2022 walikuwa 89. Watoto wanaokufa kabla ya kufika miaka mitano walikuwa 115 katika kila 1,000 mwaka 2003, na mwaka 2022 walikuwa 41. Ile sababu ya bibi yangu ya kuzaa wa akiba inazidi kwisha. Kilichobaki ni sisi kuzipa namba hizi nafasi katika maamuzi yetu.

Binti wa kliniki

Nirudi kwenye benchi. Yule mama alipoitwa kupimwa, nilimuuliza binti polepole, "Na wewe, mwanangu, wataka nini?"

Alinijibu bila kuinua macho. "Nataka kurudi shule, mama. Nilikuwa fomu tatu."

Nikamwambia kwamba haki hiyo anayo. Sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua ipo Kenya tangu 1994, na mwaka 2020 ikaandikwa upya kwa mwongozo ulio wazi zaidi. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa. Mama yake aliporudi, nikamrudia maneno hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Na mtoto atalelewa na nani?"

"Bibi yake," nikasema.

Akaliangalia tumbo lake mwenyewe. Mimba ya binti ilikuwa ya miezi saba. Yake ilikuwa ya miezi mitano. Binti atakapokuwa tayari kurudi darasani, mama yake atakuwa na kichanga chake mwenyewe ziwani, na wa miaka miwili nyuma yake akivuta leso.

Hapo ndipo "lini" inapouma. Mama huyu si mzembe, na hana nia mbaya kwa mwanawe. Angeanza uzazi akiwa na miaka 22, leo binti yake angekuwa na 13, angali mtoto wa shule. Angempishanisha huyu wa sita kwa mwaka mmoja na nusu tu zaidi, mikono yake ingekuwa mitupu kumpokea mjukuu. Idadi ya watoto wake ingebaki ile ile.

Mkaza mwanangu akaitwa, ikabidi niinuke. Kabla sijaondoka niliandika nambari yangu ya simu nyuma ya kijitabu cha yule binti, nikamwambia mama yake kwamba nyumbani kwangu mchana hakuna mtu, na mimi nimestaafu. Hakunijibu ndiyo wala la. Shule zinafunguliwa Januari, na simu yangu naiweka karibu.